Vumbi la Chombo Kisicho na Mshono

Vumbi hili jeupe, Mama Lyse, haliji na upepo wala haliondoki kwa ufagio. Jua la alasiri likipenya kwenye tundu la turubai naliona limesimama hewani, linameta, zuri kwa macho. Nikilisogelea linanishika shingoni, linanishika kwenye mikunjo ya viwiko, linawasha kama upupu. Ni vumbi la kioo. Nimelileta mimi hapa uani kwako, Katubuka, chini ya kamba uliyokuwa ukianikia vitenge vya wateja, na kamba yenyewe sasa imeota mvi.

Usiniulize nilikuwa natafuta nini. Nilitaka chombo kisicho na mshono.

Miaka mitatu imepita tangu uliposimama ufukweni Kibirizi na kikapu chako kichwani, ukaniona nimekunja uso, ukacheka. Ulikuwa unakwenda Mwamgongo kumzika shangazi yako. Ulisema kwa lugha ya kwenu, Nzogaruka, nitarudi, ukasema kama mtu anayetoka kununua chumvi gengeni. Siku ya nne ukapanda kurudi chombo kile kile kilichokupeleka. Walipanda ishirini na mmoja, wakafika kumi na wanne. Nilihesabu vichwa pale ufukweni, nikahesabu tena, mara ya tatu nikahesabu kuanzia mwisho, na wewe hukuwemo.

Ziwa halikukurudisha hata baadaye. Lilirudisha kikapu, na ubao, na nyuzi za pamba zilizotapakaa kwenye changarawe. Nyuzi zile nilizijua. Niliziokota moja moja, watu wakidhani nimechanganyikiwa.

Unajua chombo cha mbao kinavyozaliwa huku kwetu. Ubao kwa ubao, msumari kwa msumari, na kati ya ubao na ubao mwanya mwembamba, na mwanya unashindiliwa pamba iliyolowa mawese mpaka ushibe. Ziwa lote linasimama nje ya pamba ile. Watu wanakaa ndani wanakula karanga, wananyonyesha, wanabishana juu ya mpira, na kinachowatenga na kina ni pamba na mafuta na mkono wa fundi. Mkono wa fundi ulikuwa wangu.

Mkuu wa kazi alikuwa baba. Wewe ulimwita Mzee Elikana hata alipokuomba umwite baba. Alikuwa na desturi aliyoipokea kwa baba yake: chombo kikishashindiliwa, kabla hakijawekwa sakafu, anachota mawese kwenye bakuli, anapitisha kiganja mshono kwa mshono, kutoka mbele hadi nyuma, na akipita anataja majina ya watakaokipanda. Baada ya hapo chombo hakifunguliwi. Kilichopakwa kimepakwa. Kukifungua ni kumwambia mzee kwamba mkono wake umepita juu ya uongo, na mimi, mwanawe wa pekee, sikuwahi kumwambia neno kama hilo.

Halafu Lyse akamaliza chuo. Binti yako ni nesi, Anésie. Barua ilipokuja aliisoma amesimama mlangoni, akaisoma mara ya pili kimya, nikajua. Walikuwa wamempangia zahanati ya Mwamgongo.

"Baba, watu wanavuka kila siku," aliniambia.

"Wavuke. Wewe utavuka na changu."

"Chako kipi?"

Nikaanza kukitengeneza.

Fundi Wilfred alikuwa amefanya kazi Mwanza kwenye boti za faiba, akarudi na ujuzi na kikohozi. Ndiye aliyenifundisha. Unajenga umbo la mbao, unalilaza kifudifudi, unalipaka nta. Unatandaza kitambaa cha nyuzi za kioo, unakinywesha gundi, unakiacha kikauke, unakisugua, unatandaza kingine. Mwishoni unakivua chombo kwenye umbo lake, kizima, kipande kimoja, hakuna ubao wala mwanya wala pamba. Niliposikia hivyo nililia mbele ya mtu ambaye tulikuwa tumejuana naye wiki mbili.

Kuna sharti moja tu, alisema. Gundi inatiwa dawa ya kukausha, na ukishaitia huna muda. Dakika ishirini, ndoo inapata moto mkononi mwako, na gundi inageuka jiwe.

Baba alikaa kwenye kigoda karibu na ukuta wa jikoni akitusikiliza. Macho yake yamebaki na ukungu tu siku hizi, lakini ulimi haujapata ukungu.

"Mnatengeneza ndoo," alisema. "Ndoo kubwa hivyo mtamwogesha nani?"

Tulicheka. Nakiri tulicheka. Uani kwako palikuwa na watu tena, palikuwa na kazi, na mimi niliamka asubuhi nikijua ninaamkia nini.

Kukata ndiko kulikonitesa. Kitambaa cha kioo kilikuja kimeviringishwa, cheupe, kizito, na sikuwa na cha kukikatia. Wembe uliteleza, kisu kikakokota nyuzi. Nikafungua droo ya cherehani yako nikatoa mkasi wako, ule mzito wenye mpini mweusi. Uliwahi kuniambia, Baba Lyse, ukikatia karatasi mkasi huu, utalala nje, na hukuwa unatania sana. Nimeukatia mita arobaini za kioo. Siku ya kwanza mkasi uliimba, siku ya tatu ulikwaruza, siku ya tano ulitafuna. Sasa haukati hata kanga iliyochakaa. Nimeurudisha kwenye droo hivyo hivyo. Nisamehe hilo kwanza, kabla hatujafika kwenye kubwa.

Ganda la kwanza la kioo na gundi lilipokauka, ukingo ulitaka kunyooshwa. Nikachukua msumeno wa baba, ule uliokata mninga na mvule miaka arobaini. Ulikwenda shibiri mbili, meno yakaisha.

"Mbao inaliwa na meno, Baba Lyse," alisema Wilfred. "Kioo kinasagwa."

Baba aliuomba msumeno wake. Akapitisha kidole gumba kwenye meno, taratibu, kama anayepapasa ufizi wa mtoto, kisha akaulaza mapajani. Siku hiyo hakututania tena.

Basi Wilfred akaleta grenda, mashine ya umeme ya kukatia. Akanionyesha diski. Hii ya chuma, alisema, inaichoma gundi, itanuka na kuganda. Chukua hii ya kukatia vigae, yenye chembe za almasi ukingoni, itapita bila kukwama. Na uwe na mtu wa kudondosha maji taratibu kwenye mstari, mbali na waya, maana maji yanalaza vumbi. Ukikata kavu utalivuta, na likishaingia kifuani halina mlango wa kutokea. Alipokuwa akisema hivyo alikohoa, na hakuhitaji kusema zaidi.

Nilikata kavu mara nyingi. Nilikuwa na haraka, barua ya Lyse ilikuwa na tarehe. Nadhani pia sikuwa najionea huruma.

Chombo kisicho na mshono. Nilikuwa nalala na maneno hayo, naamka nayo, nayatafuna na muhogo.

Sasa fika nami siku ya ganda la pili, Mama Lyse, siku ambayo kama ningeweza kuirudisha ningeirudisha. Nilikuwa nimesugua chombo chote, kikavu, safi, kimelala kifudifudi mgongo juu. Vitambaa vilikuwa vimekatwa na kupangwa. Wilfred hakuwepo, kifua kilikuwa kimembana. Nikageukia ukuta, nikamimina gundi kwenye ndoo, nikatia dawa, nikakoroga. Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama kwenye chombo na bakuli mkononi.

Alikuwa ameshamaliza. Kiganja chake kilikuwa kimepita mgongo mzima, mbele hadi nyuma, mstari mwekundu wa mawese unaong'aa juani, na midomo yake ilikuwa inasema, Lyse, mwana wa Anésie, Lyse, mwana wa Anésie.

"Ndoo au si ndoo," aliniambia, "mjukuu wangu hapandi chombo ambacho sijakigusa."

Gundi haishiki juu ya mafuta. Hilo lilikuwa somo la kwanza la Wilfred, kabla hata ya jina la gundi. Ndoo ilikuwa inaanza kupata joto. Ningeweza kuiacha ikageuka jiwe. Ningeweza kusema, Baba, mafuta haya yatamuua, tuoshe, tusugue, tuanze upya. Maneno ni machache tu. Lakini niliutazama uso wake, ule ukungu wa macho, ile furaha ya mtu aliyerudishiwa kazi yake, nikachukua kitambaa, nikafuta. Nikafuta haraka, nikafuta kwa nguvu, nikajiambia yametoka. Nikatandaza kioo juu yake, nikakinywesha gundi, na nikanyamaza.

Kilipovuliwa kwenye umbo kilikuwa kizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Tulikipaka rangi ya bluu nje na nyeupe ndani, na majirani wakaja na simu zao kukipiga picha. Lyse alizunguka mara mbili, akaweka shavu lake ubavuni, akasema, "Kweli hakina mshono." Akaenda kupanga begi. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu alikuwa anaripoti kazini.

Jumamosi nilichukua sarafu nikakigonga. Ndivyo faiba inavyopimwa, unagonga na kusikiliza. Nikaanzia mbavuni. Ti, ti, ti, sauti kavu, sauti ya kitu kilichoshikana. Nikapanda mgongoni. Ti, ti, kisha ikaja nyingine, nzito, ya ndani, pu. Nikasogea. Pu. Nikasogea. Pu, pu, pu, kutoka mbele hadi nyuma, upana wa kiganja. Mkono wa baba ulikuwa umelala mle ndani, na maganda mawili yalikuwa yameachana juu na chini yake.

Wilfred alikuja, akagonga, akakaa chini.

"Kinaweza kuishi mwaka," alisema. "Kinaweza kuishi mitano. Au kipigwe na wimbi moja la ubavu kikiwa na mzigo. Mimi sijui, Baba Lyse. Watu wanapanda vibaya zaidi ya hiki."

Kusema kweli nilikaribia kunyamaza. Nilifikiri rangi haionyeshi. Nilifikiri mzee ana miaka mingapi tena. Nilifikiri mwaka mmoja, kisha nitamtengenezea kingine. Niliyafikiri yote yale kwa sauti ile ile ya ndani ambayo niliijua, kwa sababu iliwahi kusema nami kabla.

Nisikilize sasa, Anésie. Hiki ndicho kikubwa.

Ubao wa tatu kutoka chini, upande wa kushoto, chombo kile cha mbao ulichopanda. Pamba iliniishia. Mwanya ulibaki shibiri moja tu, na jua lilikuwa linazama, na baba alikuwa amesimama na bakuli lake akingoja. Nilichana kipande cha gunia nikakishindilia, nikakifunika na pamba nyembamba juu. Kesho yake nikataka kukitoa, lakini mzee alikuwa ameshapaka, alikuwa ameshataja majina. Nikanyamaza. Chombo kilivusha watu miezi kumi na minne, na kila siku kilipofika salama niliona nimesamehewa kidogo. Uliponiona nimekunja uso Kibirizi ukacheka, hicho ndicho nilichokuwa nakifikiria. Nilikuangalia ukipanda na nikanyamaza.

Jumapili, kengele za misa ya kwanza zikilia, nilivaa barakoa, nikafunga diski ya vigae, nikaivuta grenda hadi uani. Lyse alitoka na mswaki mdomoni. Baba alisikia waya ukiburutwa.

"Unakata nini tena?" aliuliza. "Si kimeisha?"

Nikawaambia. Wote wawili, nimesimama, bila kukaa. Nilianza na mawese, nikamwona mzee akikiangalia kiganja chake ambacho hakioni. Kisha nikasema la gunia. Sikulizungusha. Nilisema, ubao wa tatu kushoto nilijua, na mama yako nilimwacha apande.

Lyse alitema mate ya mswaki chini.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Nilijua."

Akaingia ndani.

Nikawasha. Grenda ilipogusa ubavu ililia kilio cha juu, kirefu, na vumbi likapanda, bluu kwanza, kisha jeupe, jeupe tu. Nilikata katikati, kuanzia ukingoni, nikielekea mgongoni. Sikuwa na mtu wa maji. Kisha nikasikia tone, na tone, na vumbi likaanza kulala, nikageuza kichwa. Baba alikuwa amepapasa njia yake hadi kwangu. Alikuwa anamwaga maji kwenye mstari wa moto kwa bakuli lile lile, akifuata sauti. Machozi yalikuwa yanachora mifereji kwenye vumbi la mashavu yake, na yangu pia.

Chombo kiliachana vipande viwili. Pale mgongoni, kati ya ganda na ganda, mawese yalikuwa bado mabichi, mekundu kama siku aliyoyapaka. Baba aliingiza kidole, akakinusa, akakifuta kwenye shati lake.

"Ungeniambia, Yona," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mara zote mbili ungeniambia."

Lyse alitoka na begi. Hakungoja. Jumatatu ni Jumatatu, na Mwamgongo kuna kina mama wanaojifungua bila nesi. Alisimamisha bodaboda na mimi nikasimamisha nyingine nyuma yake, nilivyo, mweupe tangu nywele hadi viatu.

Chombo kilichokuwa kinaondoka Kibirizi kilikuwa cha mbao. Nahodha wake anaitwa Martini. Kilikuwa kimeshapakiwa, magunia ya saruji, madumu ya mawese, kina mama na kuku wao. Lyse alikuwa ameketi mbele, akitazama maji.

"Mwakeye, mzee," Martini alinisalimu. "Umetoka kusaga unga?"

Watu wakacheka. Nikapanda bila kuomba ruhusa, nikapiga magoti chini, nikaanza kukagua mishono. Na nilipoinama, vumbi likaanguka kutoka mikononi mwangu, kutoka nyweleni, likatua kwenye mbao za ndani, kavu, jeupe. Nikaliona likikaa. Nikakung'uta mkono kusudi, nikakung'uta na mwingine, kuanzia mbele hadi nyuma, ubavu wote wa kulia. Nikangoja. Ubao wa pili, karibu na nguzo, pakatokea mstari mweusi, mwembamba kama wa penseli. Ukarefuka. Vumbi lilikuwa linalowa pale ambapo ziwa lilikuwa linaingia.

"Hapa panavuja," nilisema. Nilisema kwa sauti, watu wote wasikie.

"Kila chombo kinavuja kidogo, mzee wangu. Ndoo ya kukumbia maji ipo."

"Hakiondoki hivi."

Manung'uniko yakaanza. Mtu akasema nimelewa. Martini alinitazama, akautazama ule mstari, akaondoa mkono kwenye injini. Nikaomba pamba. Hakukuwa na pamba. Kisha begi likafunguliwa huko mbele, na bunda la pamba ya hospitali, jipya, katika karatasi yake ya bluu, likapitishwa mkono kwa mkono hadi kwangu. Lyse hakugeuka. Mama mmoja akafungua dumu lake la mawese. Nikalowesha, nikashindilia kwa bisibisi ya Martini, shibiri, na shibiri nyingine, mpaka mwanya ukashiba na pamba ikabaki. Nikakung'uta vumbi tena juu yake. Likakaa jeupe.

Upande wa kushoto ulikuwa umefunikwa na magunia ya saruji. Niliomba yashushwe. Niliomba mara tatu. Martini alisema upepo wa mchana unakuja, tukichelewa zaidi ndiyo tutakufa kweli, na watu walikuwa upande wake. Niliingiza mkono kati ya gunia na gunia hadi begani, nikaufikia ubao wa kwanza, nikaufikia wa pili. Wa tatu sikuufikia.

Lyse alikuja hadi nilipokuwa nimelala kifudifudi. Nilidhani atasema neno lako, lile uliloliacha ufukweni. Hakulisema.

"Shuka, baba," alisema. "Kaoge."

Nikashuka. Maji yalinifika kiunoni, na vumbi likatoka miguuni mwangu likaelea, ngozi nyembamba nyeupe juu ya ziwa, na chombo kikaipasua kikapita.

Sasa nimekaa uani kwako. Ni safari ya saa tatu, na saa tatu zimeshapita, lakini kule mtandao ni wa shida. Simu iko kwenye kiti cha cherehani. Baba amelala na bakuli pembeni yake. Nusu mbili za chombo zimeegemea ukuta, na jua linapita katikati yake, na vumbi limesimama hewani pale pale, linameta, kama linasubiri kitu cha kutua juu yake.

Kuanzia kiuno kwenda juu bado ninalo. Linawasha shingoni, linawasha kwenye viwiko, limeingia machoni. Maji yapo kwenye pipa. Bado sijaoga, Mama Lyse. Nangoja aniambie amefika.